Subira ya kumtunza mzazi mwenye demensia: inavuja wapi, na inazibwaje

Wageni wakimaliza kumjulia hali mgonjwa, humgeukia anayemtunza, humwambia "subira yavuta heri", kisha huvaa viatu na kwenda zao. Anayebaki ndani amebaki na mama anayeuliza kwa mara ya tisa baba amekwenda wapi, na baba alizikwa miaka sita iliyopita. Hapo kuambiwa uvumilie hakusaidii kitu. Mtu hakosi subira siku nzima. Humwishia saa fulani, kwenye kazi fulani, na kesho humwishia hapo hapo tena. Fanya kama fundi wa bati linalovuja: haezui nyumba nzima, anatafuta tundu.

Maelezo haya ni ya anayemtunza nyumbani mzee mwenye demensia, ugonjwa wa ubongo unaokula kumbukumbu na uamuzi kidogo kidogo. Mengi yanafaa pia kwa aliyepatwa na kiharusi.

Wiki ya kwanza: daftari tu

Usibadilishe chochote kwanza. Chukua daftari la shule, gawa ukurasa safu nne: saa, kazi iliyokuwa inafanyika, kilichotangulia, na hali yako wewe (umelala kiasi gani, umekula, nani mwingine alikuwepo). Andika kila ulipopaza sauti, ulipomshika mkono kwa nguvu, ulipotamani kutoka usirudi. Mstari mmoja unatosha: "Saa 11 jioni, kuoga, nilimwamsha usingizini, mimi sijala tangu asubuhi."

Baada ya siku saba soma kuanzia juu. Mara nyingi yanajirudia mambo mawili matatu tu: kuoga, magharibi, na siku inayofuata usiku wa kukesha. Safu ya nne ndiyo watu huiacha wazi, nayo ndiyo inayosema mengi kuliko zote. Aliyelala kwa muda wa saa nne tu hugombana na mzee kwa jambo lile lile ambalo juzi, alipolala kwa muda wa saa saba, lilipita bila neno.

Kabla ya kusema "anafanya makusudi"

Demensia hubadilika kwa miezi. Mzee aliyekula vizuri Jumatatu, na Jumatano anaona watu ukutani au amesinzia mchana kutwa, huenda ana ugonjwa mwingine juu ya ule wa kwanza. Anza na mkojo: harufu kali, kwenda mara kwa mara, kujikunja akikojoa. Maambukizi ya njia ya mkojo huweza kumvuruga mzee akili hata bila homa. Fuatia choo, siku tatu bila kwenda zinatosha kumfanya mkali. Maji: lengo ni kama lita moja na nusu kwa siku, isipokuwa daktari amempunguzia kwa sababu ya moyo au figo. Malaria ipimwe. Mwenye kisukari apimwe sukari pale pale, na ikiwa chini ya 4 (mmol/L) apewe kitu kitamu kwanza kama anameza vizuri, maswali baadaye. Kisha jino, goti, nta masikioni, miwani iliyopotea tangu Pasaka.

Mwisho angalia dawa mpya. Kuna nyumba nyingi ambako mzee asiyelala hupewa Piriton, dawa ya mzio, kwa kuwa ipo kabatini na humletea mtoto usingizi. Kwa mzee mwenye demensia dawa za jamii hiyo huongeza kuchanganyikiwa, hufunga mkojo na choo, na asubuhi humwangusha. Diazepamu, dawa ya kutuliza, nayo usimpe kwa kukisia. Mweleze daktari kila anachomeza, pamoja na mitishamba.

Jambo moja nje ya mlango. Mzee anayetoka usiku, anayezungumza peke yake au kusimama uani bila nguo, anaweza kuitwa mchawi. Kilifi na Usukumani wazee wameuawa kwa tuhuma za namna hiyo. Waambie majirani mapema kwamba huu ni ugonjwa na utaje jina lake. Mwambie balozi wa nyumba kumi au mzee wa mtaa, na imamu au mchungaji. Usingoje minong'ono ianze.

Hodi na shikamoo

Piga hodi hata kama chumba ni kimoja. Ingia kwa mbele auone uso wako. Anayeguswa mgongoni bila kuona hurusha mkono. Kaa kwenye kigoda, macho yenu yawe sawa, ndipo umwamkie. Mtu aliyekwama kutaja jina la mwanawe mara nyingi bado hujibu "marahaba" bila kufikiri, kwa sababu maneno aliyoyatamka maisha yake yote hudumu kuliko maneno ya kutunga papo hapo. Ndivyo ilivyo pia kwa sala na nyimbo za zamani. Ukitoka na kurudi baada ya dakika ishirini, mwamkie tena. Kwake ni mara ya kwanza, na kwako ni pumzi mbili kabla ya kazi.

Jitaje: "Mama, ni mimi Asha, mwanao." Usimwulize "unanikumbuka?" Huo ni mtihani, na anaufeli mbele ya watu.

Sema jambo moja, halafu ngoja. Hesabu kimoyomoyo mpaka kumi na tano. Wengi wetu tukifika nne tunarudia kwa maneno mengine ("inuka basi", "simama mama", "hebu njoo huku"), naye aliyekuwa karibu kuielewa ile ya kwanza inambidi aanze upya. Ikibidi kurudia, rudia maneno yale yale. Na usiulize "utakula nini?" Mwonyeshe vikombe viwili: "Uji au chai?"

Lugha nayo. Aliyejifunza Kiswahili shuleni au kazini huweza kukipoteza kabla ya Kinyakyusa au Kikamba chake, na wajukuu waliozaliwa mjini hawakijui. Wakati mwingine anayedhaniwa "anapayuka" anaomba maji kwa kilugha. Jifunzeni maneno kumi: maji, njaa, choo, baridi, joto, inauma, wapi, nyumbani, naogopa, basi. Yaandikwe ukutani.

Swali la mara ya tisa

Kwanza, usimtangazie msiba upya. Kila unapomwambia "baba alishafariki" anafiwa leo. Wapo wanaojibu "yuko shambani", na siwalaumu, ila uongo huo inabidi nyumba nzima iukumbuke, na mtoto mdogo atauharibu. Ni salama zaidi kujibu hamu yake: "Umemkumbuka baba. Alikuwa anapenda chakula gani?" Dakika tano zitapita mkizungumzia samaki wa nazi.

Kwa maswali ya kawaida, jibu mara mbili kwa sentensi ile ile fupi. Ya tatu, ipe mikono yake kazi: ungo wa mchele wa kuchambua, mahindi ya kupukuchua, mchicha wa kuchagua, khanga za kukunja. Khanga zikiisha, zikunjue chumbani umrudishie. Kama bado anasoma, andika kwenye kipande cha boksi kwa kalamu nene: LEO JUMANNE. ASHA ANARUDI SAA KUMI. Kitundike anapokaa na umwonyeshe kwa kidole badala ya kujibu.

"Mmeniibia hela zangu" ni kesi nyingine. Usijitetee. Mtu anayejitetea ameshakubali kwamba kuna kesi. Sema "tutafute wote", na uanze pale anapopenda kuficha: ndani ya foronya, chini ya godoro, kwenye debe la unga, mfukoni mwa gauni la kanisani. Orodhesha mafichio hayo nyuma ya daftari. Mpe pochi yake yenye sarafu na noti ndogo ndogo, na ununue ya pili inayofanana nayo kabisa. Anayetuhumiwa mara nyingi ni aliye karibu zaidi, yaani mkamwana au dada wa kazi, na watoto walio mbali huamini kwa sababu mama hakuwahi kusema uongo. Waelezeni wote kabla haijatokea. Dada wa kazi waliofukuzwa kwa pochi iliyokutwa baadaye kwenye unga ni wengi.

"Nataka kwenda kwetu", akiwa kwake, mara nyingi ina maana ya mwilini: choo, baridi, njaa, kelele. Mpeleke chooni kwanza. Kisha tembeeni mpaka getini na kurudi.

Kuoga

Hapa ndipo subira huvuja kuliko mahali popote, na sababu zinaonekana ukijiweka mahali pake. Mtu usiyemtambua anakuvua nguo, chumba kina baridi, sakafu inateleza, halafu maji yanamwagwa kichwani. Wewe pia ungepiga. Juu ya hapo kuna aibu, nayo hudumu kumbukumbu ikishakwenda. Ikiwezekana mama aogeshwe na mwanamke, baba na mwanamume.

Punguza idadi kwanza. Kuoga mwili mzima mara mbili au tatu kwa wiki kunatosha. Siku nyingine ni uso, kwapa, sehemu za siri na miguu. Chagua saa anapokuwa mtulivu, mara nyingi saa nne au saa tano asubuhi, jua limepanda na ameshakunywa chai. Saa kumi na mbili alfajiri ni saa ya kukuwahisha wewe kazini, na mwili wake unalijua hilo.

Andaa kila kitu kabla hujamwita: ndoo mbili (ya sabuni na ya kusuuzia), beseni la miguu, kopo lenye mkono, vitambaa laini vitatu, khanga mbili kavu, taulo, na nguo safi zilizopangwa kwa mfuatano wa kuvaa. Ukisahau kitu ukatoka kukifuata, umemwacha uchi peke yake, na ugomvi utaanza ukirudi. Kiti cha plastiki kiegemezwe ukutani, maana miguu yake huteleza, na chini utandike mkeka wa mpira. Mimina maji baridi kwanza, ya moto yafuate, mpaka kiwiko chako kisisikie baridi wala moto. Ngozi ya mzee huungua upesi.

1. Mpeleke chooni. Kisha usiseme "twende ukaoge". Sema "njoo uweke miguu kwenye maji ya moto".
2. Aketi amejifunika khanga, na khanga ibaki mwilini mpaka mwisho. Unaosha chini yake, ukifunua kipande kimoja kimoja.
3. Anza na miguu kwenye beseni. Dakika mbili za maji vuguvugu miguuni hulegeza mabega. Panda kwenye mikono, mgongo, kifua. Kichwa kiwe mwisho au siku nyingine.
4. Taja kila unachotaka kugusa kabla hujakigusa. Uso aoshe mwenyewe. Akishindwa, mpe kitambaa, weka kiganja chako chini ya chake muende pamoja. Mkono unaoongoza kutoka chini haumtishi kama unaomkamata kutoka juu.
5. Sehemu za siri kwa kitambaa cha peke yake, kwa mwanamke kuanzia mbele kwenda nyuma.
6. Kausha kwa kugandamiza bila kusugua: katikati ya vidole, chini ya matiti, kwenye mikunjo. Hapo hapo tazama mkia wa mgongo, nyonga na visigino. Doa jekundu lisilofifia ukilibonyeza ni kidonda kinachoanza, na kwenye ngozi nyeusi sana tafuta sehemu iliyokolea rangi zaidi, yenye joto au ngumu. Asiyejigeuza kitandani ageuzwe kila baada ya saa mbili.

Akikataa, simama. Mfunike, kaa naye kidogo, rudi baada ya nusu saa ukiwa na maneno mengine au mtu mwingine. Akikataa mara ya pili, iache mpaka kesho na usafishe sehemu za siri tu akiwa kitandani. Siku moja bila kuoga haimdhuru mtu. Kuvutana kwenye sakafu yenye maji huvunja nyonga.

Magharibi

Wengi hubadilika jua likielekea kuzama: wanazunguka, wanalia, wanatafuta watoto ambao sasa ni wazee wenyewe. Huku kwetu karibu na ikweta jua huzama muda ule ule, kama saa kumi na mbili na nusu, mwaka mzima, kwa hiyo hali hii unaweza kuitegea. Washa taa saa kumi na moja na nusu, kabla vivuli havijaingia vyumbani, na taa ya sola iwe imechajiwa kwa ajili ya umeme kukatika. Funika kioo kama anamwogopa "yule bibi". Zima taarifa ya habari. Picha za vita huingia sebuleni kwake. Usingizi wa mchana usizidi nusu saa, na chai yenye majani iishie saa nane. Kupika, wageni na kuoga visiangukie saa hiyo. Kama huwezi kuhamisha mapishi ya jioni, pika mchana na upashe moto tu.

Kula

Tenga dakika arobaini usizibane. Aketi wima, kidevu kiinamishwe kidogo, kijiko cha chai badala ya kikubwa, na usiongeze kabla hajameza. Abaki ameketi nusu saa baada ya kula. Ugali mweupe kwenye sahani nyeupe huenda asiuone kabisa. Tumia sahani nyekundu au ya buluu, chakula kimoja kwa wakati. Kikohozi kila akinywa, au sauti yenye majimaji baada ya kumeza, ni ya kumpeleka hospitali. Usiizoee.

Hasira ikipanda

Ijue dalili yako: taya kukaza, kuruka hatua, kumwita "wewe" badala ya "mama". Ukiiona, hakikisha ameketi salama, moto umezimwa na mlango wa nje umefungwa, kisha toka dakika kumi. Uwe na sentensi uliyoiandaa, maana wakati huo hutaweza kutunga nyingine: "Mama, nakuja, naangalia chungu." Nawa uso. Vuta pumzi kwa hesabu ya nne, itoe kwa hesabu ya sita, mara kumi. Usiandike kwenye kundi la WhatsApp la familia ndani ya dakika hizo.

Ukishafoka, rudi, mwamkie, useme "nisamehe mama, nilipaza sauti". Anaweza kusahau maneno yako ndani ya dakika tano na bado akabaki na hofu mchana kutwa asijue ni ya nini. Samahani inaigusa hofu hiyo. Lakini ukijikuta umempiga, umemfunga kamba au umemfungia ndani peke yake, pumzi na hesabu hazitoshi tena. Zamu yako imekwisha siku hiyo, na mtu mwingine aje leo.

Ndugu

Wiki ina saa 168. Chora karatasi ya siku saba na uandike nani yuko na mama saa zipi, usiku ukiwemo. Mara nyingi itajaa jina moja. Ipeleke kwenye kikao kama ilivyo, bila hotuba. Kaka aliyeko Muscat anayetuma pesa kila mwisho wa mwezi na kuhesabu kwamba amemaliza, aione. Chini yake andika matumizi: nepi za wakubwa, sabuni, dawa, nauli, chakula.

"Mnisaidie" haina saa, kwa hiyo kila mmoja atakubali na hakuna atakayekuja. Omba kitu chenye siku: "Jumamosi, saa tatu asubuhi mpaka saa kumi, kila wiki." Kiwango cha chini cha kudai ni usiku mbili kamili za kulala na nusu siku moja nje ya nyumba. Aliye mbali naye apewe kazi: ampigie mama simu saa kumi na moja jioni kwa robo saa, siku nne kwa wiki, wakati wewe unapasha chakula. Ulizieni pia haki za mzee. Kenya ina Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwapa pesa wenye miaka 70 na zaidi, Zanzibar ina pensheni jamii kwa umri huo tangu 2016, na Tanzania Bara wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo wanastahili matibabu bila malipo.

Wengi hukataa kupumzika kwa hofu kwamba anayewapokea hataweza. Hofu hiyo ina haki yake, na dawa yake ni karatasi moja iliyobandikwa nyuma ya mlango wa chumba cha mzee, yenye mambo ambayo wewe unayafanya bila kuyafikiria. Dawa zake na saa zake. Chai sukari kijiko kimoja, kikombe cha kijani. Akishika shika nguo kiunoni, anataka choo. Akikuita "Zubeda", anamwita dada yake, itikia. Khanga ya kuogea ni ile iliyofifia, mpya anaikataa. Haendi kulala mpaka auone ufunguo wa mlango mkubwa ukining'inia kwenye msumari.